Chokaa Juu ya Bati

Mwezi Mei, Ahmedabad, saa saba mchana,
bati la Dahiben linalia ta, ta, ta,
kama mtu anayehesabu sarafu asizonazo.
Chini yake wanawake watano
tunasokota udi wa kufukizia mahekaluni.
Tunalipwa kwa elfu: vijiti elfu, sahani mbili za dengu.
Siku hizi unga hukauka
kabla kidole hakijamaliza mzunguko,
na kijiti kilichopasuka hakihesabiwi.
Basi jua nalo linakata mshahara wetu
wala halitoi risiti.

Ng'ambo ya barabara, ghorofa kumi na nne.
Kila dirisha lina sanduku linalovuma:
huvuta joto la ndani, likatutemea sisi.
Tusiseme uongo, hutudondoshea na maji.
Bhavik wa Kokila kapanga ndoo sita ukutani,
to, to, to,
jasho la mashine za watu
ndilo tunalooga.
Wana na miarobaini miwili, mirefu.
Asubuhi kivuli chake huvuka barabara,
hugusa kizingiti chetu,
kisha saa tatu hurudi kwa mwenyewe.

Mzee Kanji alijilaza Jumanne baada ya chai.
Daktari akaandika: moyo.
Kweli ulisimama. Nani amekufa wake ukitembea?
Kwenye fomu hapakuwa na mstari
wa kuandika bati.

Ndipo akaja bwana wa manispaa na kipimajoto,
shati limelowa hadi mkandani.
Nyuzi arobaini na nane, akasoma.
Akakikung'uta, akasoma tena.
Kisha akatusifu: ninyi ni watu wa ustahimilivu.
Neno zuri. Nililiweka ulimini
nikalitafuna kutwa nzima, halikulainika.
Punda akisifiwa mgongo
ajue gunia li njiani.

Upatu wetu ulikuwa wa harusi ya Hetal,
rupia elfu tisa ndani ya kopo la biskuti.
Usiku tulilizunguka kopo lile kama maiti,
hakuna aliyethubutu kusema.
Hetal mwenyewe akalifungua.
"Nitaolewa mvua zikija," akasema,
"na bwana harusi akiwa na haraka, aje ashike brashi."
Akaja kweli, kijana wa watu!
Akapaka mabati matatu bila kofia,
akashuka mweupe kope hadi kandambili,
mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini.

Chokaa, gundi, maji ya masanduku.
Ilitosha mabati kumi na moja. Nyumba ni arobaini.
Hapo sasa, undugu ukawekwa mizani.
Wenye wachanga kwanza, tukasema, na wenye wazee.
Rukhi hana mchanga, hana mzee.
Alinuna siku nne, hata salamu hakuitika,
ya tano akaja na mkeka wake
akalala katikati yetu, hodi hakupiga.
Nikamsogezea mto.

Asubuhi ile nilipanda nikaweka kiganja juu ya bati.
Kiganja kikakaa.
Chini, udi haukupasuka,
na mtoto wa Dahiben, mwenye vipele shingo nzima,
alilala mchana kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Siku ya sita akaja mwenye nyumba.
Akatazama juu, akatabasamu.
"Nyumba zimekuwa na ubaridi," akasema.
"Kodi itapanda. Mia tatu tu."

Kokila hakupaza sauti.
Alimwonyesha ngazi.
"Panda, ndugu yangu. Kwangua ubaridi ulioweka wewe,
utuachie tuliouweka sisi."
Milangoni watu walikuwa wametoka kimya,
hata wa nyumba zisizopakwa,
mikono myeusi kwa udi.

Akaishika ngazi.
Ilikuwa ya chuma,
na saa ilikuwa saba mchana.